Kuchora mfumo kwa UML kabla ya kuandika programu: mfano wa kituo cha karafuu

Mfumo wa kupokelea karafuu ukija kuharibika, mara nyingi kosa lilianza zamani, siku watu walipokaa mezani. Mkuu wa kituo alisema "mzigo" akikusudia gunia moja. Karani akaelewa ni karafuu zote alizoleta mkulima siku ile. Mtengeneza programu akaandika alivyodhani yeye, na hakuna aliyejua kuwa wametafautiana mpaka hesabu za msimu zilipokataa kulingana. UML (Unified Modeling Language) ni lugha ya michoro iliyowekewa kanuni za pamoja ili tafauti ya namna hiyo ionekane kwenye karatasi, wakati dawa yake bado ni raba na dakika mbili.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au Taasisi ya Karume anayeanza somo hili, na kwa yeyote aliyepewa kazi ya kutengeneza programu Unguja au Pemba na hajui aanze kuchora nini. Mfano wetu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kituo cha kununulia karafuu Pemba. Ni kituo cha kubuni, lakini kazi yake ni ile inayojulikana na kila aliyewahi kubeba gunia kichwani: karafuu zinaletwa, zinakaguliwa, zinapangwa daraja, zinapimwa, mkulima analipwa.

Ilikotoka, kwa ufupi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila bingwa wa fani hii alikuwa na alama zake. Grady Booch alichora klasi, yaani aina ya vitu ambavyo mfumo unaweka habari zake, kwa umbo la wingu. James Rumbaugh alitumia mstatili. Ivar Jacobson alianzia kwa mtumiaji: anautaka nini mfumo umfanyie? Rumbaugh alimfuata Booch katika kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akaingia 1995, na mwaka 1997 jumuiya ya viwango ya OMG ikaipitisha lugha yao ya pamoja. Toleo la 2.0 lilikuja 2005, na toleo la 2.5.1 ni la Desemba 2017. Tazama mwaka wa kitabu unachosomea: vitabu vya toleo la 1 bado vimejaa kwenye maktaba, na zipo alama ambazo umbo lake limebaki lile lile na maana imebadilika. Moja tutaifikia.

UML ina aina 14 za michoro: 7 za muundo, yaani vitu vilivyomo na vinavyohusiana vipi, na 7 za mwenendo, yaani nini kinatokea na kwa mpango gani. Usijitwishe zote. Mfumo wa kituo kimoja unatoshwa na mchoro wa matumizi, wa klasi, wa mfuatano na wa hali, na wa shughuli kama unataka kuzungumza na watu wasioandika programu. Kila mchoro ujibu swali moja. Ukiona hulijui swali lake, usiuchore.

Mchoro wa matumizi: nani anataka nini

Chora kisanduku kikubwa, ndicho mfumo. Nje ya kisanduku weka watendaji kwa umbo la kijitu cha vijiti: Karani, Mkaguzi, Mhasibu, na Huduma ya Malipo ya Simu. Huyo wa mwisho si binadamu, lakini yuko nje na anazungumza na mfumo, basi ni mtendaji. Ndani ya kisanduku weka duara la yai kwa kila lengo: Pokea karafuu, Lipa mkulima, Badilisha bei, Toa ripoti ya siku. Unganisha mtendaji na lengo lake kwa mstari wa kawaida.

Mkulima yuko wapi? Hapa wengi humchora kwa heshima tu. Kama mkulima hagusi kompyuta wala hapokei ujumbe wa simu kutoka kwenye mfumo, hana nafasi kwenye mchoro huu. Anayeutumia mfumo ni karani kwa niaba yake. Siku mtakapoamua kumpelekea ujumbe wa malipo, ndipo aingie.

Duara ni lengo kamili, kitu ambacho mtu akikimaliza anaweza kunyanyuka akanywa chai. "Bonyeza hifadhi" si lengo. "Ingia kwa nywila" nalo si lengo, ingawa utalikuta katika nusu ya kazi za wanafunzi. Hakuna karani anayekuja kazini kwa ajili ya kuandika nywila.

Mishale miwili ya vistarivistari huwachanganya watu. Wa «include» hutoka kwenye lengo kubwa kwenda kwenye sehemu yake ya lazima: Pokea karafuu inaelekea Tafuta mkulima, kwa sababu kila upokeaji lazima umtafute mkulima. Wa «extend» huenda kinyume: hutoka kwenye nyongeza ya hiari kwenda kwenye lengo kubwa. Sajili mkulima mpya inaelekea Pokea karafuu, kwa sababu hutokea mara moja moja tu. Ukigeuza mshale, umesema jambo jengine kabisa.

Mchoro wa klasi: hapa ndipo pa kutulia

Klasi ni mstatili wenye vyumba vitatu: juu jina, kati sifa, chini vitendo. Mbele ya kila sifa weka alama ya nani anaiona: + ni kila mtu, - ni klasi yenyewe tu, # ni klasi na warithi wake, yaani klasi zilizo aina mahsusi ya hiyo.

Anza kwa kuorodhesha majina wanayoyatumia watu wa kituoni, kisha ulihoji kila moja. Lile neno "mzigo" lifute, kwani lina maana mbili. Badala yake weka Upokeaji, yaani tukio zima la mtu kuja na karafuu siku fulani. Na kila gunia linalowekwa kwenye mizani? Wengi wataandika klasi iitwayo Gunia. Jina hilo litakuponza. Karafuu zikishafika ghalani zinaweza kumwagwa zikachanganywa na kufungwa upya, na gunia lile la mkulima halipo tena duniani, wakati rikodi yake bado ipo. Unachokiweka kwenye rikodi ni tukio la kupima, basi iite Kipimo. Ukitaka kufuatilia magunia ya ghalani, hiyo ni klasi nyengine na maisha yake mengine.

Daraja lisiwe sifa ya Upokeaji. Mkulima huja na gunia mbili za daraja la kwanza na nusu gunia la daraja la tatu kwa safari moja. Ukiliweka daraja juu, karani atalazimika kufungua mapokezi mawili ya uongo. Daraja linashikamana na Kipimo.

Bei ndiyo inayoangusha mifumo mingi. Ukiiacha risiti isome bei kutoka kwenye klasi ya Daraja, siku bei itakapobadilishwa risiti zote za zamani zitabadilika pamoja nayo, na jumla ya msimu uliopita haitalingana na fedha zilizotoka. Weka klasi ya Bei yenye tarehe ya kuanzia, na wakati wa kupima nakili kiasi chake ndani ya Kipimo kama beiIliyotumika. Nakala hiyo haiguswi tena.

Uzito nao uandike mara mbili: uzito wa jumla na uzito wa gunia tupu. Uzito halisi ni tafauti yake, na UML ina alama ya kitu kinachotokana na hesabu: mkwaju mbele ya jina, /uzitoHalisi. Anayesoma anajua papo hapo kuwa hakijazwi kwa mkono. Namba ya simu iwe maandishi, isiwe tarakimu, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea na ujumbe wa malipo hautafika.

Ukiandika kwa PlantUML, programu inayogeuza maandishi kuwa mchoro, mchoro mzima ni huu:

```
@startuml
skinparam classAttributeIconSize 0
class Mtu {
  -jina : Maandishi
  -simu : Maandishi
}
class Upokeaji {
  -namba : Maandishi
  -tarehe : Tarehe
  +jumla() : Shilingi
}
class Kipimo {
  -uzitoJumla : Kilo
  -uzitoGuniaTupu : Kilo
  -/uzitoHalisi : Kilo
  -beiIliyotumika : Shilingi
}
class Daraja {
  -jina : Maandishi
}
class Bei {
  -kiasi : Shilingi
  -kuanzia : Tarehe
}
Upokeaji "0..*" --> "1 mwenye" Mtu
Upokeaji "0..*" --> "1 mleta" Mtu
Upokeaji "1" *-- "0..*" Kipimo
Kipimo "0..*" --> "1" Daraja
Bei "0..*" --> "1" Daraja
@enduml
```

Mstari wa skinparam hapo juu ni wa lazima ukitaka kuziona alama za + na -. Bila ya huo programu huzigeuza vijipicha vya rangi.

Tazama mistari miwili kutoka Upokeaji kwenda Mtu. Anayeleta karafuu si lazima awe mwenye karafuu: kuna mtoto aliyetumwa, kuna mwenye gari aliyebebea jirani. Hakuna haja ya klasi mbili, kwani mwenye wa leo ni mleta wa kesho. Klasi ni moja, mahusiano mawili, na jina la dhima limeandikwa mwisho wa mstari.

Sasa idadi. Soma kila mstari kwa sauti mbele ya karani, pande zote mbili: "Kipimo kimoja kina daraja moja. Daraja moja lina vipimo sifuri au zaidi." Karani akikunja uso, kuna kosa. Kwenye mstari wa Upokeaji na Kipimo mkono utataka kuandika 1..*, yaani kimoja au zaidi, kwani upokeaji bila kipimo una maana gani? Lakini idadi kwenye mchoro wa klasi ni ahadi ya wakati wote. Karani akishafungua upokeaji na kuandika jina, kabla gunia la kwanza halijapanda mizani, vipimo ni sifuri. Ukiandika 1..* na hifadhidata ikalazimishwa kuifuata, upokeaji hautafunguka. Ndiyo maana ni 0..*, na lile sharti la "angalau kimoja" tutaliweka kwenye mchoro wa hali, wakati wa kukamilisha.

Almasi nyeusi upande wa Upokeaji inasema: kipimo ni mali ya upokeaji mmoja, na hakiishi bila yake. Ipo pia almasi tupu, na hiyo ushauri wetu ni kuiacha. Kiwango chenyewe kinasema maana yake halisi hutegemea fani na anayechora; alama ambayo kila msomaji ataifasiri kivyake haina kazi kwenye mchoro wa makubaliano. Mstari wa kawaida wenye idadi unatosha.

Urithi huchorwa kwa pembetatu tupu, na ncha humgusa mzazi: mshale hutoka Karani kwenda Mfanyakazi. Ncha ikiwa wazi kama ya mshale wa kawaida, umesema "Karani anamjua Mfanyakazi", ambalo ni jambo jengine. Ukichora kwa mkono, ifunge pembetatu vizuri.

Mchoro wa mfuatano: pale mtandao unapokatika

Huu unaonesha nani anamwambia nini nani, na kwa utaratibu gani. Washiriki hupangwa juu kwa safu, kila mmoja ana mstari wa uhai unaoshuka, na wakati hushuka pamoja nao. Mstari mzima wenye ncha iliyojazwa ni agizo ambalo mtoaji husimama akasubiri. Ncha wazi ni ujumbe uliotumwa na mtumaji akaendelea na shughuli zake. Mstari wa vistarivistari ni jibu. Katika PlantUML ni `->`, `->>` na `-->`.

Usichore mfuatano wa kila kitu. Chora ule wenye hatari, na hapa hatari ni malipo ya simu. Karani anabonyeza Lipa. Mfumo unapeleka ombi kwenye huduma ya malipo. Mtandao unakatika kabla jibu halijarudi. Fedha zimetoka au hazikutoka? Mfumo haujui. Karani anaona skrini imeganda, foleni imefika mlangoni, anabonyeza tena. Mkulima analipwa mara mbili, na kituo kina pengo.

Mchoro wa kuzuia hilo:

```
@startuml
actor Karani
participant Mfumo
participant "Huduma ya Malipo" as H
Karani -> Mfumo : lipa(upokeaji)
Mfumo -> Mfumo : hifadhiNambaYaMalipo()
Mfumo ->> H : omba(nambaYaMalipo, kiasi)
Mfumo --> Karani : "yanasubiriwa"
alt jibu limefika
  H ->> Mfumo : matokeo(nambaYaMalipo)
else muda umepita
  loop mpaka jibu lijulikane
    Mfumo -> H : ulizaHali(nambaYaMalipo)
    H --> Mfumo : hali
  end
end
@enduml
```

Angalia agizo la pili. Namba ya malipo inatengenezwa na kuhifadhiwa kabla ombi halijaondoka, kwa hivyo hata umeme ukikatika kati ya mistari miwili, mfumo ukiwaka unajua cha kuulizia. Na jibu la kungojea likikosekana, mfumo unauliza. Haupeleki ombi jipya. Ukiwaonesha mchoro huu watu wa huduma ya malipo, swali lako kwao ni moja tu: je, mnaweza kuulizwa hali kwa namba tuliyoitunga sisi? Wakisema hapana, ni bora kulijua leo kuliko msimu ukiwa umepamba moto.

Alt ni fremu ya "ama hivi ama vile", opt ni "pengine", loop ni "rudia". Ukijikuta una fremu tatu ndani kwa ndani, kata mchoro uwe miwili.

Mchoro wa hali: nini hakiwezekani

Chagua klasi moja ambayo maisha yake yana hatua. Kwetu ni Upokeaji. Duara dogo jeusi ni mwanzo. Hali zenyewe ni mistatili yenye pembe za mviringo: Umefunguliwa, Umekamilika, Unasubiri malipo, Umelipwa, Umefutwa. Kwenye mshale huandikwa vitu vitatu kwa mpango huu: tukio [sharti] / kitendo. Kutoka Umefunguliwa kwenda Umekamilika ni:

kamilisha [vipimo >= 1] / chapaRisiti

Lile sharti tulilolitoa kwenye mchoro wa klasi limepata makaazi yake.

Thamani ya mchoro huu iko kwenye mishale isiyokuwepo. Hakuna mshale kutoka Umelipwa kwenda Umefutwa, basi hakuna kufuta upokeaji uliolipwa. Hakuna mshale wa futa kutoka Unasubiri malipo, kwa sababu fedha zinaweza kuwa njiani. Kuhakikisha hujasahau, piga jedwali: hali tano kwa safu, matukio matano kwa nguzo, yaani pima, kamilisha, lipa, jibuLaMalipo na futa. Vyumba ni 25. Jaza kila kimoja, ama hali inayofuata ama neno "marufuku". Chumba ulichosita kukijaza ndicho cha kumpelekea mkuu wa kituo, na mara nyingi ni malipo yaliyokataliwa: upokeaji unarudi Umekamilika ili ulipwe tena, au unakwenda pengine?

Mchoro wa shughuli, na mtego wa toleo la 2

Huu ndio wa kumuonesha mkaguzi na mhasibu, kwani unafanana na mazungumzo yao. Gawa karatasi kwa njia za wima, moja ya mkulima, moja ya mkaguzi, moja ya karani, na kila kazi iwe kwenye njia ya mwenyewe. Almasi ni njia panda. Mstari mnene ni kazi zinazokwenda pamoja.

Mtego ni huu. Mkaguzi anakagua karafuu. Zikiwa mbichi, mkulima anarudi nazo kuzianika tena kwenye jamvi, kisha zinakaguliwa upya. Mkono unachora mshale kutoka Anika moja kwa moja kurudi Kagua. Katika toleo la 1 mchoro huo ulieleweka. Tangu 2.0, mishale miwili ikiingia kwenye kazi moja maana yake ni kwamba kazi haianzi mpaka yote miwili ifike. Kwa hivyo Kagua itamsubiri mkulima aliyeanika ambaye hajakaguliwa hata mara ya kwanza, na haitaanza milele. Dawa ni almasi ya kukutania: weka almasi kabla ya Kagua, mishale yote miwili iingie humo, utoke mmoja.

Vifaa

Mchoro wa kwanza uwe wa penseli. Mtu huona haya kumwambia mwenzake avunje mchoro uliopendeza kwenye skrini, lakini hataona haya kuukosoa wa penseli. Ukishakubaliwa, uhamishe. Programu ya draw.io ina toleo la kukaa kwenye kompyuta na halihitaji intaneti. PlantUML nayo hufanya kazi bila intaneti. Inataka Java, na kwa michoro ya klasi na ya hali inataka pia Graphviz, programu ya kupanga masanduku na mistari. Kama huwezi kuisakinisha Graphviz, andika `!pragma layout smetana` chini ya `@startuml`. Mchoro wa mfuatano hauihitaji.

Tunaipendelea PlantUML kwa sababu moja: faili lake ni maandishi, linakaa folda moja na msimbo, na badiliko linaonekana mstari kwa mstari. Mchoro uliobaki kama picha kwenye simu ya mtu mmoja hausahihishwi na yeyote. Weka tarehe na toleo juu ya kila ukurasa, na mchoro usizidi klasi tisa au kumi, zikizidi, gawa. Ukichapisha kwa ajili ya kikao, tumia karatasi ya A3, acha nafasi ya kuandika kwa mkono baina ya masanduku, na nenda na penseli za kutosha ili karani naye ashike moja.